Deni la Zamani na Kibali cha Siri: Serikali ya Marekani Hupima Nini Hasa?

Tuwabuni waombaji wawili wa kibali cha usalama nchini Marekani. Wa kwanza anadaiwa dola 60,000, wa pili dola 6,000. Mwisho wa safari, yule wa 60,000 anapewa kibali na yule wa 6,000 ananyimwa. Hakuna aliyependelewa wala aliyeonewa. Kanuni iliyotumika ni moja, na ukiisoma mwanzo hadi mwisho hutakuta mahali panapotaja kiwango cha deni ambacho mtu akikivuka amekwisha. Kanuni hiyo inauliza mambo mengine kabisa, na waombaji wengi huanguka kwa sababu wamejiandaa kujibu swali ambalo hawakuulizwa.

Tuanze na kibali chenyewe. Ni uamuzi wa serikali kwamba mtu fulani anaweza kukabidhiwa habari za siri bila wasiwasi. Kuna madaraja matatu, na la juu ni lile la siri kuu. Anayekihitaji si jasusi peke yake. Anakihitaji mhandisi wa programu katika kampuni yenye mkataba na Wizara ya Ulinzi, mkalimani, fundi wa rada, karani wa ubalozini, na wanajeshi wengi hata wa vyeo vya chini. Mtu haendi kujiombea dirishani. Ni lazima mwajiri amhitaji na amdhamini, na kwa kawaida awe raia wa Marekani.

Jambo moja hapa huwashangaza wengi. Kibali si haki. Mwaka 1988, katika kesi ya Idara ya Jeshi la Majini dhidi ya Egan, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali cha usalama. Katika kesi ya jinai shaka humnufaisha mshtakiwa. Huku shaka humwangukia mwombaji, kwa maana ikibaki hata kidogo inaamuliwa kwa manufaa ya usalama wa taifa. Kwa hiyo anayedaiwa hasubiri serikali ithibitishe kwamba yeye ni hatari. Yeye ndiye mwenye kazi ya kuonyesha kwamba si hatari.

Kwa nini madeni yaingie katika habari hii? Jibu linalotolewa siku zote ni jina moja: Aldrich Ames. Alikuwa ofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na mwaka 1985, akiwa amebanwa na madeni na gharama za talaka, aliingia ubalozi wa Kisovieti mjini Washington kuuza siri. Malipo yake ya kwanza yalikuwa dola 50,000. Kufikia alipokamatwa, Februari 1994, alikuwa amekwisha kupokea zaidi ya dola milioni mbili, amenunua nyumba ya zaidi ya nusu milioni kwa fedha taslimu, na anaendesha gari aina ya Jaguar hadi kazini, wenzake wakitazama. Kabla yake alikuwapo John Walker wa jeshi la majini, aliyeanza kuwauzia Wasovieti siri mwishoni mwa miaka ya 1960 wakati baa aliyoifungua ikimla fedha badala ya kumlisha. Agosti 1995, mwaka mmoja na nusu tu baada ya Ames kutiwa pingu, Rais Clinton alitia saini Amri ya Rais namba 12968, iliyoweka utaratibu wa pamoja wa vibali na kuipa serikali njia pana zaidi ya kuangalia mifuko ya watu wanaotunza siri zake.

Hadithi ya Ames ni ya kweli, lakini ukiikumbatia sana itakupoteza. Ana Montes, mchambuzi wa shirika la ujasusi la Wizara ya Ulinzi aliyekamatwa Septemba 2001, aliifanyia Cuba ujasusi kwa miaka mingi kwa sababu ya imani yake ya kisiasa, si kwa ujira. Ripoti yake ya mikopo, yaani rekodi ya alivyokopa na kulipa, isingemwambia mtu lolote. Na kwa upande wa pili, Marekani imejaa watu waliolemewa na madeni ya hospitali, ya masomo na ya kadi za mkopo, ambao hawana hata wazo la kumtafuta mnunuzi wa siri. Kama hofu ingekuwa rushwa ya kigeni tu, kipimo hiki kingekuwa kibovu.

Kanuni yenyewe inakwenda mbali zaidi. Inaitwa SEAD 4, ni agizo la Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa lililoanza kutumika tarehe 8 Juni 2017, na ina miongozo 13 yenye herufi A hadi M. Mambo ya fedha yako kwenye mwongozo F. Humo imeelezwa kwamba mtu anayeishi kupita uwezo wake na kuacha madeni bila kuyalipa anaweza kuwa anaonyesha kukosa kujizuia, kukosa busara, au kutopenda kufuata sheria, na mambo hayo yanatia shaka kama ataweza kulinda siri. Kwa lugha ya nyumbani: deni ni ahadi ya muda mrefu, isiyo na msisimko, ambayo mara nyingi hakuna anayekusimamia uitimize. Kutunza siri nako ni hivyo hivyo. Mwamuzi anaisoma tabia yako kwenye ahadi ya kwanza ili akisie utakavyokuwa kwenye ya pili.

Ukishalielewa hilo, mengine yote yanajipanga.

Safari huanzia kwenye fomu ndefu iitwayo SF-86, na sehemu ya 26 ndiyo ya fedha. Inarudi nyuma miaka saba kwa mambo mengi: kufilisika mahakamani, kodi ambazo hazikulipwa au ritani (taarifa za kodi za kila mwaka) ambazo hazikupelekwa, matumizi mabaya ya kadi ya safari ya serikali, gari au nyumba iliyotwaliwa na mkopeshaji, deni lililokabidhiwa kwa wakala wa kukusanya madeni, mshahara uliokatwa kwa amri, kufukuzwa nyumbani kwa kutolipa pango, na malipo yoyote yaliyochelewa kwa zaidi ya siku 120. Inauliza pia kuhusu kamari na matunzo ya watoto. Baadaye wachunguzi, ambao wengi wako chini ya shirika la DCSA la Wizara ya Ulinzi, huvuta ripoti yako ya mikopo na kuilinganisha na ulichoandika.

Hapo ndipo yule wa dola 6,000 alipojimaliza. Alikuwa na kadi tatu za mkopo zilizokufa, yaani alizoacha kuzilipia, na bili ya simu ya zamani. Kwenye kila swali akaandika hapana. Labda aliona haya, labda aliambiwa na rafiki kwamba madeni ya miaka minne iliyopita hayaonekani tena. Ripoti ikaletwa, yote yakaonekana. Mficha maradhi kifo humuumbua. Tangu dakika hiyo kesi yake si ya mwongozo F peke yake. Imeingia mwongozo E, unaohusu mwenendo na ukweli wa mtu, na huko ni vigumu sana kujinasua, kwa sababu deni linaweza kulipwa lakini uongo hauna mahali pa kupelekewa malipo. Tena kudanganya kwa makusudi kwenye fomu ya serikali kuu ni kosa la jinai lenye adhabu ya hadi miaka mitano jela. Kusahau kwa nia njema ni jambo jingine, na waamuzi wanalitofautisha, ila mtu mwenye akaunti nne zilizokufa atakuwa na kibarua kueleza alivyozisahau zote nne.

Dawa ya hili ni nyepesi kiasi kwamba inakera kuona watu hawaitumii. Kabla ya kugusa fomu, chukua ripoti zako mwenyewe kutoka kampuni tatu kubwa za taarifa za mikopo, yaani Equifax, Experian na TransUnion. Sheria inakupa bila malipo. Zisome zote tatu, maana mara nyingi hazifanani, kisha andika kila kitu.

Turudi kwenye mwongozo F. Orodha yake ya mambo yanayotia doa inatenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: kushindwa kulipa, na kukataa kulipa hali unaweza. Cha pili ni kizito zaidi. Mtu mwenye mshahara mzuri, safari za mapumziko kila mwaka na deni dogo ambalo halijaguswa kwa miaka mitatu anajieleza vibaya kuliko aliyelala hospitali miezi minane akaamka na mlima wa bili. Yamo pia matumizi yanayozidi kipato mfululizo, ulaghai wa fedha, kukopa ili kucheza kamari, na utajiri usioelezeka, ile nyumba ya Ames. Ndiyo, unaweza kutiliwa shaka kwa kuwa na fedha nyingi mno.

Kodi inahitaji aya yake, kwa kuwa ndipo watu wenye vipato vizuri kabisa huangukia. Kutopeleka ritani ni kukaidi sheria ya serikali ileile unayoiomba ikuamini, na majaji wa kesi hizi hawalichukulii kama usahaulifu wa makaratasi. Nimesoma maamuzi ambamo mtu hakuwa akidaiwa hata senti, pengine hata alikuwa anarudishiwa fedha, na bado miaka yake mitatu ya ukimya ikamponza. Wengi hawapeleki kwa sababu hawana cha kulipa, na hilo ni kosa juu ya kosa. Kupeleka ritani na kulipa kodi ni wajibu mbili mbali mbali. Mamlaka ya kodi, IRS, hukubali malipo ya kidogo kidogo, na mwongozo F unatambua makubaliano hayo kama nafuu, yaani jambo linalompunguzia mwombaji doa, ilimradi yawepo na yawe yanafuatwa. Lakini Bodi ya Rufaa ya Wizara ya Ulinzi, inayopitia maamuzi ya majaji hao, imeshasema zaidi ya mara moja kwamba kulipa kodi yote baada ya kukaliwa kooni hakufuti ile miaka ya kupuuza.

Sasa nafuu zenyewe. Ya kwanza ni umri wa tatizo: kama ni la zamani, lilitokea mara chache, au lilitokana na hali ambayo haitarajiwi kujirudia. Tahadhari moja tu: deni ambalo halijalipwa huhesabiwa kuwa tatizo la leo hata kama ulilichukua miaka tisa iliyopita.

Nafuu inayotajwa kuliko zote ni ile ya mambo yaliyo nje ya uwezo wa mtu. Kanuni inataja mifano: kupoteza kazi, biashara kuanguka, ugonjwa wa ghafla, kifo, talaka au kutengana, kunaswa na wakopeshaji wanyonyaji, kuibiwa utambulisho. Waombaji huipenda nafuu hii na huandika kurasa nzima za majonzi. Wanachosahau ni kwamba ina miguu miwili. Baada ya kueleza balaa, kanuni inaendelea: na mtu huyo akatenda kwa kuwajibika katika hali hiyo. Mguu wa pili ndio unaovunjika. Ukisema ulipoteza kazi 2020, ukapata nyingine 2021, halafu hadi 2024 hujampigia simu mkopeshaji hata mmoja, balaa limeeleza mwaka mmoja tu. Ile mitatu iliyobaki ni yako.

Mfano mzuri wa miguu yote miwili ulionekana serikali kuu ilipofungwa kwa kukosa bajeti kwa siku 35, kutoka Desemba 22, 2018 hadi Januari 25, 2019. Wafanyakazi wa serikali wapatao 800,000 walikosa mishahara kwa wakati wake, na wengi wao wana vibali. Kuchelewesha rehani kwa sababu hiyo hakuna wa kukulaumu. Lakini aliyeandikia benki siku ya kumi, akaomba muda, akahifadhi barua ile na kulipa malimbikizo mshahara uliporudi, alikuwa na kesi iliyokwisha kabla haijaanza.

Nafuu nyingine ni juhudi ya kweli ya kulipa. Huna haja ya kuwa umemaliza. Maamuzi ya Bodi ya Rufaa yanarudia kwamba shauri la kibali si chombo cha kukusanyia wadai fedha zao, na kwamba mtu hatakiwi kulipa madeni yote, wala yote kwa mpigo. Kinachotakiwa ni mpango unaoingia akilini, na nyayo zinazoonyesha kwamba umeshaanza kuufuata. Hapa ndipo mwombaji wetu wa dola 60,000 alipopona. Mume wake aliugua, mwombaji akaacha kazi ili amuuguze, kadi zikajaa. Aliporudi kazini alikwenda kwa washauri wa madeni wasiotafuta faida, akapanga wadai wake, akawa anawalipa kila mwezi. Alipojaza fomu alikuwa na miezi 22 ya risiti, na kila deni aliliandika mwenyewe. Bado alikuwa anadaiwa zaidi ya nusu.

Dawa ya deni kulipa, tunajua. Huku dawa hiyo ina saa yake. Anayelipa kabla ya kuulizwa anaonekana mwadilifu. Anayelipa wiki moja baada ya kupata barua kwamba kibali kiko hatarini anaonekana mtu anayefuata sheria pale tu maslahi yake yanapoguswa, na maamuzi mengi yamelisema hilo karibu kwa maneno hayo. Mtu anaweza kumaliza deni lote kwa hundi moja na bado akashindwa. Kwa maoni yangu hili ndilo gumu kuliko yote kwa waombaji kulimeza, kwa sababu kila mahali pengine mwenye risiti ndiye mshindi.

Ipo mitego mitatu ya makaratasi. Deni lisilolipwa kwa kawaida hutoka kwenye ripoti ya mikopo baada ya miaka saba, na watu hukaa kimya wakiihesabu. Kutoweka kwenye ripoti si kulipwa, na majaji wanalijua hilo kuliko wewe. Vilevile muda wa kukushtaki mahakamani ukipita, mdai hawezi kukushtaki, lakini hilo halikufanyi kuwa uliyetimiza ahadi. Na benki ikiliandika deni kuwa hasara, imesafisha vitabu vyake tu; deni liko palepale, mpaka mdai atamke rasmi kwamba amelisamehe. Akilisamehe hutoa fomu 1099-C, na hapo kuna mwiba mwingine: kiasi kilichosamehewa mara nyingi ni kipato kinachotakiwa kutajwa kwenye ritani ya kodi. Mtu hutoka kwenye tatizo la kadi akaingia la IRS bila kujua.

Kufilisika mahakamani kunaogopwa kuliko inavyostahili. Ni njia halali, na sheria ya Marekani inaizuia serikali kumnyima mtu ajira kwa sababu tu alifilisika. Mwamuzi wa kibali hutazama kilichokufikisha huko na unavyoishi tangu utoke. Ufilisi wa sura ya 7 ya sheria ya ufilisi hufuta madeni mengi kwa haraka, na kwa hiyo peke yake hauonyeshi juhudi ya kulipa. Ule wa sura ya 13 humfunga mtu kwenye mpango wa miaka mitatu hadi mitano, na aliyeufuata bila kuruka mwezi ana ushahidi ambao wengi wangeutamani. Anayefilisika mara ya tatu ana hadithi nyingine.

Kwa wasomaji waliopata uraia wa Marekani na wana ndugu nje ya nchi, neno moja. Kuwatumia ndugu fedha huangaliwa chini ya mwongozo mwingine, ule wa uhusiano na nchi za kigeni, na si kosa. Lakini ukizituma kutoka kwenye kadi ya mkopo, au ukimdhamini binamu kwenye mkopo wa gari halafu yeye akaacha kulipa, deni ni lako kisheria na mwongozo F utakuuliza ulilolifanya. Kukopa harusi kulipa matanga. Ukarimu unaeleza deni lilikotoka, ila hausemi litaisha lini.

Kupata kibali nako hakufungi mlango. Zamani mwenye siri kuu alichunguzwa upya baada ya miaka mitano na mwenye daraja la siri, lililo chini yake, baada ya kumi. Siku hizi kuna uchunguzi endelevu, ambao Wizara ya Ulinzi iliwaingiza watu wake wote wenye vibali kufikia mwishoni mwa 2021. Kompyuta hupokea dokezo akaunti yako inapoharibika, wakati mwingine kabla hujafungua barua ya mdai. Pamoja na hayo una wajibu wa kujiripoti mwenyewe: ukifilisika, au deni likipita siku 120. Mwenye siri kuu anaripoti hata bahati, kama urithi au ushindi wa bahati nasibu unaofika dola 10,000.

Mambo yakiharibika, unapokea hati ya sababu, inayotaja deni kwa deni. Mfanyakazi wa kampuni yenye mkataba na Wizara ya Ulinzi hupewa siku 20 kujibu kila aya kwa kukiri au kukana, na anaweza kuomba kusikilizwa na jaji wa DOHA, ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayosikiliza mashauri haya. Unaruhusiwa wakili kwa gharama yako. Jaji humpima mtu kwa ujumla wake, pamoja na umri, kazi yake na ushuhuda wa wanaomfahamu, lakini kwenye fedha anataka karatasi: taarifa za benki, barua za makubaliano, rekodi za IRS, bajeti ya mwezi yenye tarakimu za kweli. Ukisema nilimlipa na huna kinachoonyesha, chukulia hukulipa. Leta kila kitu siku hiyo, kwa sababu Bodi ya Rufaa haipokei ushahidi mpya. Inaangalia tu kama jaji alikosea.

Wakati mwingine uamuzi huwa wa katikati, kibali kinatolewa kwa sharti, kwa mfano kuleta taarifa ya malipo kila baada ya muda. Na aliyenyimwa kabisa na DOHA anaweza kuomba tena baada ya mwaka mmoja tangu uamuzi wa kwanza wa kumnyima, mwajiri akimdhamini. Atatakiwa kuonyesha kwamba yaliyomwangusha yamerekebishwa, na mafaili atakayokwenda nayo yataanza kuhesabiwa tangu mwezi ule aliokataliwa.